Jaribio Likiisha: Handeni, Korogwe na Sera ya Sayansi

Tarehe 15 Mei 2019, mjini Los Angeles, timu mbili zilitangazwa washindi wa pamoja wa zawadi ya dola milioni 10. Moja ilikuwa Kitkit School, ya wabunifu wa Korea Kusini na Marekani. Ya pili onebillion, ya Uingereza. Shindano lenyewe, Global Learning XPRIZE, lilikuwa na fungu la dola milioni 15 lililotolewa na Elon Musk, nalo lilidai kitu kimoja: programu itakayomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu pembeni yake. Mtihani haukufanyika California. Ulifanyika mkoani Tanga, katika vijiji vipatavyo 170, vikiwamo vya Handeni na Korogwe, ambako watoto wapatao 3,000 walikaa na vishikwambi vilivyotolewa na Google kwa miezi 15, kuanzia Desemba 2017. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishughulikia vifaa na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. UNESCO iliwapima watoto kabla na baada. Mwanzoni karibu robo tatu yao hawakuwa wamewahi kukaa darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni kundi hilo la wasioweza kusoma neno lilikuwa limepungua kwa nusu.

Sioni sababu ya kuyabeza matokeo hayo. Mtoto aliyekuwa hajui irabu akaanza kusoma sentensi, hilo si dogo, na wazazi wa vijijini hawahitaji mchambuzi wa kuwaambia kama lina maana au halina. Linalonisumbua ni kilichofuata. Kwa masharti ya shindano, programu za timu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi ili yeyote atakaye azichukue na kuzirekebisha. Nchi iliyoichukua kazi ya onebillion na kuifanya mpango wa serikali wa kufundishia madarasa ya mwanzo ni Malawi, iliyokuwa imekwisha kuijaribu miaka kadhaa kabla. Tanzania ndiyo iliyotoa vijiji, lugha na watoto wa kupimia. Kisha, baada ya Sensa ya 2022, serikali yetu iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Hapo ndipo wizara ya elimu ilipopaswa kuulizwa: je, programu za Kiswahili zilizojaribiwa Tanga zimo ndani ya vifaa hivyo, na nani amepewa kazi ya kuzitunza?

Handeni na Korogwe ni mahali pazuri pa kuulizia maswali ya namna hii. Korogwe ina mto, reli na milima ya Usambara ubavuni. Handeni ina nyika, mvua za kubahatisha na Wazigua walioishi kwa vizazi na mbung'o na njaa. Kwa zaidi ya miaka 120 wilaya hizi zimepokea karibu kila aina ya ubunifu uliowahi kupelekwa vijijini Afrika Mashariki: zao la kigeni, mbegu chotara, vijiji vya ujamaa, bomba refu la maji, mtambo wa gesi ya takataka, chanjo ya malaria, na hivyo vishikwambi. Anayesema vijiji hivi vimekosa teknolojia hajavipitia. Kinachokosekana ni mrithi. Jaribio linapoingia huwa na kibali, uzinduzi, magari na bajeti. Likiisha hakuna ofisi ambayo kazi yake kisheria ni kulipokea, kulirekebisha na kulilipia mwaka wa pili. Sera yetu ya sayansi imejifunza kuwa mwenyeji mzuri, haijajifunza kurithi.

Na sera tunazo, tena za muda mrefu. Baraza la taifa la utafiti, lililoitwa UTAFITI, liliundwa kwa sheria ya 1968. Sera ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ilitoka 1985, sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, ikafuata 1986, na sera ikaandikwa upya 1996. Katikati kuna SIDO ya viwanda vidogo ya 1973, NIMR ya utafiti wa magonjwa ya binadamu na TIRDO ya utafiti wa viwanda za 1979, CAMARTEC ya zana za kilimo na TEMDO ya usanifu wa mitambo kule Arusha, na mfuko wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, wa 1995. Tangu 2019 tuna mashindano ya ubunifu ya MAKISATU. Juu ya vyote hivyo kuna ahadi ya asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, iliyotamkwa na viongozi wa Afrika Lagos mwaka 1980 na kurudiwa Addis Ababa 2007. Tanzania ilipopimwa mwanzoni mwa muongo uliopita ilikuwa karibu na nusu ya hapo. Warsha nyingi za sera huishia kwenye asilimia hiyo, kana kwamba ikifikiwa leo yote yaliyobaki yatajipanga yenyewe. Mkonge unaonyesha kwamba hayajipangi.

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Asili ya mmea ni Yucatán, Mexico. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mkonge wa Tanganyika ulianzia hapo. Reli ya Tanga ilifika Korogwe 1902, mwaka uleule Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti wa mimea Amani, na mashamba yakapangana kando ya njia hiyo. Waingereza walipoirithi nchi walianzisha kituo cha utafiti wa mkonge Mlingano, upande wa Muheza, mwaka 1934. Wenye mashamba walikichangia kituo hicho kwa sababu kiliwapa faida waliyoweza kuihesabu. Chini ya G. W. Lock watafiti wake walichunguza udongo, nafasi za kupandia, magonjwa na uzazi wa mimea hata wakapata chotara namba 11648. Mzazi wake mmoja ni agave iliyopewa jina la Kilatini linalotokana na Amani. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 maishani mwake. Chotara huyu hutoa kama 600.

Kilichotokea hapo hakihitaji kuombewa radhi mbele ya mtu yeyote anayedhani utafiti wa daraja la kwanza hufanyika Ulaya tu. Mbegu bora kabisa ya zao zima duniani ilizalishwa mkoani Tanga, kwa fedha za zao lenyewe. Bila shaka jasho lilikuwa la manamba, na faida kubwa haikuwa yao. Lakini kama mfumo wa ubunifu, pingili zote za mnyororo zilishikana: mtafiti alimjua bwana shamba, bwana shamba aliijua korona, yaani mashine ya kuchakata majani, na korona ilirudisha taarifa kwa mtafiti. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa, ikiongoza dunia.

Kuanguka kwake kumesimuliwa mara nyingi na kila msimulizi ana mkosaji wake. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa 1967, wapo wanaolaumu kamba za plastiki zilizoporomosha bei. Wote wana sehemu ya ukweli. Jambo linalotajwa kwa nadra ni kwamba utafiti nao ulikatika. Mashamba yalipokosa fedha mchango wa Mlingano ulikosekana, na kituo kikageukia kazi ya udongo kwa ajili ya nchi nzima, kazi ya maana lakini si ya mkonge. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000. Wakati huohuo chotara 11648 alikuwa amekwisha kupata makao mengine. Wachina walimchukua miaka ya 1960, wakampanda Guangdong na Guangxi, wakaendelea kumchunguza mwaka hadi mwaka, na leo mavuno yao kwa hekta ni makubwa kuliko yetu. China hiyohiyo ni mnunuzi mkubwa wa singa zinazotoka Tanga. Huku nyumbani jina la Korogwe lilibaki kwenye vitabu vya magonjwa ya mimea: kuna ugonjwa wa madoa ya majani unaomshambulia chotara huyo, na wataalamu duniani kote wanauita kwa jina la mji huu.

Kisa hiki kinapaswa kuwauma watunga sera kuliko kingine chochote, kwa sababu hakuna aliyetuibia. Mbegu ilikuwa yetu na watu tulikuwa nao, na ujuzi ukaondoka tulipoacha kuulipia. Hata asilimia moja kamili ya pato la taifa isingeuzuia kuondoka, kama hakuna ndani yake shilingi inayojulikana kuwa ni ya mkonge, ya kila mwaka, bei ikipanda au ikishuka.

Jani la mkonge linapopita kwenye korona, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Mengine yote ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa mabondeni na mitoni. Ndiyo maana mtambo wa Hale, wilayani Korogwe, ulisisimua watu. Kati ya 2007 na 2008 kampuni ya Katani, kwa kushirikiana na UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Mazao, ilijenga hapo mtambo wa kuozesha makapi hayo, kukusanya gesi na kuendesha jenereta ya kilowati 150, na nafasi ya kufika 300. Ulitajwa kuwa wa kwanza duniani wa aina yake. Wazo lilikuwa kila shamba liwe na wake: umeme wa kuendeshea korona, wa ziada uuzwe, mbolea irudi shambani. Wazo hilo halina kasoro kwenye karatasi, na kanuni za kuwaruhusu wazalishaji wadogo kuiuzia TANESCO umeme zilikuwa zikitoka kipindi hichohicho.

Mashamba mengine hayakufuata kwa kasi iliyotarajiwa, na kwa maoni yangu sababu haikuwa kemia ya gesi. Mtambo wa namna hii unataka ulishwe kila siku. Korona ikisimama kwa kukosa majani au kipuri, vijidudu vinavyozalisha gesi navyo vinakosa chakula, na kuviamsha upya ni kazi ya wiki kadhaa. Kwa hiyo uhai wa gesi ulitegemea uhai wa shamba, na shamba lenyewe lilikuwa kwenye mvutano mrefu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma yaligawiwa wakulima wadogo chini ya mfumo wa SISO: mkulima analima kitalu chake, kampuni inakata, inasindika na kuuza. Huo nao ulikuwa ubunifu, ingawa hauna nati wala bomba, na kwa muda ulirudisha uhai katika mashamba yaliyokuwa msitu. Baadaye ukazaa malalamiko ya hesabu na malipo hadi serikali ikaingilia, na wakulima wakawekwa chini ya AMCOS, vyama vyao vya ushirika. Mfadhili alipima mtambo kwa kilowati. Ungepimwa kwa uimara wa mkataba kati ya mwenye majani na mwenye korona, ingejulikana mapema kwamba hatari iko wapi.

Malaria inatoa picha tofauti, nami nitaikalia kidogo kwa sababu inapinga nusu ya hoja yangu.

Korogwe ilikuwa moja ya vituo viwili, kingine kikiwa Kilifi nchini Kenya, vilivyofanya jaribio la awamu ya pili la chanjo ya RTS,S kwa watoto 894 wa miezi 5 hadi 17. Matokeo yalichapishwa Desemba 2008: chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 53 katika kipindi cha ufuatiliaji. Mwaka 2009 ikaanza awamu ya tatu, vituo 11 katika nchi 7, watoto zaidi ya 15,000, Korogwe na Bagamoyo zikiiwakilisha Tanzania. Chanjo ilikuwa ya kampuni ya GlaxoSmithKline, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa mfuko wa Bill na Melinda Gates kupitia PATH. Lakini walioongoza kazi Korogwe walikuwa watafiti wa NIMR, akina Martha Lemnge na John Lusingu, na majina yao yako kwenye machapisho kama viongozi wa kituo.

Kwa nini Korogwe? Si kwa sababu ya mbu peke yake. Mbu wako kila mahali. Tanga ilikuwa na utafiti wa malaria tangu 1949, Waingereza walipoanzisha kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki Muheza, kikahamia Amani 1951 baada ya utafiti wa kilimo kupelekwa Muguga, Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakirithi, kisha NIMR. Kwa hiyo chanjo ilipofika ilikuta rejista za vijiji, wataalamu wa hadubini, wahudumu waliofunzwa vijijini kupima na kutibu homa, na hospitali ya wilaya ya Magunga iliyozoea kufanya kazi na watafiti. Jaribio lilipoisha liliacha maabara na vijana wenye shahada za juu walioendelea na kazi nyingine palepale. Mrithi alikuwapo kabla ya jaribio kufika, na hiyo ndiyo tofauti na vishikwambi.

Takwimu zao zinaonyesha kitu kingine. Katika eneo la tambarare la Korogwe lililofuatiliwa, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa zaidi ya robo tatu ya waliopimwa mwaka 2003. Kufikia 2008 walikuwa karibu mmoja katika kila wanane. Chanjo haikuwa imeleta mabadiliko hayo. Vyandarua vilichangia, dawa mseto zilizoanza kutumika zilichangia, upimaji wa kijijini ulichangia, na watafiti wenyewe walikiri kwamba kushuka kulianza kabla ya baadhi ya hatua hizo kuenea. Mtu anayetafuta kifaa kimoja cha kusifiwa atahangaika hapa. Kilichofanya kazi ni huduma ndogondogo zilizopangwa na watu walewale, mahali palepale, kwa miaka mingi mfululizo.

Hata hivyo, chanjo ilipoanza kutolewa katika huduma za kawaida mwaka 2019, kwa mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, nchi tatu zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Tanzania haikuwamo. Uteuzi huo ulikuwa na vigezo vyake, na mzigo wa malaria uliokuwa ukipungua Korogwe ni habari njema. Bado ni vigumu kutoona kwamba Malawi, nchi maskini kuliko yetu, imetokea mara mbili katika makala haya, kwenye chanjo na kwenye vishikwambi, na mara zote mbili upande wa wanaotumia kilichojaribiwa.

Kuna wasomaji watakaosema sayansi ya kweli ilianza Hindorf aliposhusha miche yake. Wamsome James Giblin, aliyechapisha mwaka 1992 kitabu kuhusu historia ya mazingira ya Uzigua kati ya 1840 na 1940. Hoja yake, inayofuatana na kazi ya awali ya John Ford juu ya mbung'o, ni kwamba wakulima wa Handeni walikuwa na utaratibu wa kuishi na magonjwa ya mifugo. Kwa kulima, kuchoma nyasi kwa majira, kukata vichaka na kudhibiti wanyama wa porini, waliwaweka mbung'o na kupe kwa kiwango ambacho ng'ombe waliguswa na ugonjwa wakiwa wadogo, wakajenga kinga, bila kumalizwa. Utaratibu huo ulihitaji watu wengi mahali pamoja na viongozi wenye akiba ya chakula ya kuwashikilia wakati wa njaa. Njaa ya 1894 hadi 1896, kodi, kazi za lazima na kuvunjwa kwa mamlaka za wenyeji viliwatawanya watu. Pori likarudi, nagana na ndigana zikaenea, ng'ombe wakaisha.

Simuelewi Giblin kama anayesema zamani palikuwa na raha. Kulikuwa na utumwa na vita, na yeye hayafichi hayo. Anachokionyesha ni teknolojia iliyokaa ndani ya mpangilio wa jamii na kufa mpangilio ulipovunjwa, bila mtu yeyote kunyang'anywa jembe au kiberiti. Baadaye serikali ya kikoloni ilileta wataalamu wa kufyeka mapori ili kumfukuza mbung'o, kana kwamba wazo hilo lilikuwa limegunduliwa juzi. Miaka ya 1970 Handeni ikapangwa upya kwa vijiji vya ujamaa, ambavyo Michaela von Freyhold alivichunguza mkoani Tanga katika kitabu chake cha 1979. Kipindi hicho pia Chuo cha Ualimu Korogwe kilijaribu pamoja na kijiji cha Kwamsisi, Handeni, shule ya jamii iliyounganisha darasa na kazi za kijiji. Wabunifu wa vishikwambi walipofika Tanga, walifika mahali palipokwisha kujaribu, karibu nusu karne kabla yao, swali lilelile la shule iweje kijijini.

Maji ndiyo yanayoziunganisha wilaya hizi mbili kuliko kingine chochote. Mto Pangani unapita Korogwe. Handeni iko juu na imekauka. Mradi wa Handeni Trunk Main, ambao wenyeji wanauita HTM tu, ulijengwa miaka ya 1970 ili kusukuma maji ya mto kutoka upande wa Korogwe hadi vijiji vya Handeni. Kwa kizazi kimoja ulikuwa mradi wa kutolewa mfano. Kisha pampu zikachakaa, mabomba yakavuja, watu wakaongezeka, matawi yakaunganishwa yasiyokuwa kwenye mchoro, na wenye ndoo wakarudi kwenye malambo na kununua maji kwa dumu kutoka kwa wauza maji wa baiskeli, baadaye wa bodaboda. Mradi ulihesabiwa kuwa umekamilika siku maji yalipotoka. Gharama ya kuufanya utoe maji mwaka wa ishirini haikuwa na mwenyewe.

Sasa bomba jingine linakuja kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka benki ya Exim ya India, uliosainiwa kwa ajili ya miradi ya maji ya miji 28, Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zikiwamo. Tangu 2019 tuna pia RUWASA kwa maji ya vijijini na vyombo vya watumia maji vyenye akaunti zao. Hapo nina matumaini ya kiasi, kwa kuwa angalau mtu anayelipia dumu anajua ofisi ya kwenda kugombana nayo. Lakini mita, pampu na vifaa vya kuzimia na kufungulia vikinunuliwa kwa aina isiyopatikana Tanga, ofisi hiyo itabaki na vitabu vya risiti tu.

Ukitaka kujua teknolojia gani imekaa Handeni bila sera kuiomba ikae, pita Chanika au Mkata siku ya kawaida. Utakuta mashine za kukoboa na kusaga, pikipiki za Kichina na Kihindi, simu, betri za sola, vibanda vya kuchaji. Hakuna kati ya hivyo kilichobuniwa nchini. Vimekaa kwa sababu nne za kawaida: fundi yupo mtaa wa pili, kipuri kipo dukani, kinamwingizia mwenyewe fedha ndani ya mwezi, na mtu anaweza kununua kibovu cha mwenzake akakifufua. Fundi huyo hakumaliza kidato cha nne mara nyingi, hahesabiwi na takwimu yoyote ya watafiti, wala hatashinda MAKISATU, kwa sababu hakubuni kipya. Amefanya cha zamani kiendelee. Nchi inayoendelea hupata sehemu kubwa ya maendeleo yake ya kiteknolojia kwa mikono ya namna hiyo. Wakorea Kusini, waliotuletea Kitkit School, walitumia miaka ya 1960 na 1970 kuvunjavunja mashine za wengine na kuziunganisha tena kabla hawajaanza kuziuza za kwao.

Wapo wanaopinga mtazamo huu, na hoja yao ina nguvu. Nchi maskini haiwezi kumiliki kila kitu kinachojaribiwa kwake. Chanjo ya malaria ingetengenezwa na nani kama kila mgeni angewekewa masharti ya urithi? Watafiti wangehamia nchi yenye milango mipana. Tena kibali cha utafiti cha COSTECH na kamati za maadili za NIMR tayari vinalalamikiwa kwa ucheleweshaji. Nakubali. Kuongeza fomu juu ya fomu ni namna ya kuua jambo jema. Ninachopendekeza si fomu nyingine: anayeomba kibali cha jaribio kubwa ataje taasisi ya hapa itakayolipokea, na sehemu ya bajeti yake iwekwe kando tangu mwanzo kwa ajili ya miaka mitatu ya baadaye, mikononi mwa taasisi hiyo. Kwa vishikwambi ingekuwa Chuo cha Ualimu Korogwe: walimu wanafunzi wangezijua programu zile kwa ndani, wangezirekebisha ziendane na mtaala, na wangeondoka nazo kila walipopangiwa kazi. Kwa gesi ya Hale, SIDO mkoa na chuo cha ufundi cha VETA.

Upande wa halmashauri, sheria inazitaka zitoe asilimia 10 ya mapato ya ndani kama mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo huishia sana kwenye bodaboda, kuku na biashara ndogo, nami siwalaumu wakopaji. Ila hakuna kinachozuia kikundi cha mafundi wa pampu kukopeshwa kwa mkataba wa kutunza visima na mabomba ya kata yao, halmashauri ikiwa mteja wao wa kwanza. Hilo halihitaji sera mpya ya taifa. Linahitaji mhandisi wa maji na afisa maendeleo ya jamii wakae meza moja.

Na mkonge umerudi kwenye hotuba. Tangu 2020 serikali imeusukuma tena kupitia Bodi ya Mkonge, kwa lengo la tani 120,000. Uzalishaji wa 2023 ulikuwa bado mbali na hapo. TARI Mlingano, kituo kilekile cha utafiti, imerudishiwa jukumu la utafiti wa zao hilo na inazalisha miche. Wakulima wadogo Korogwe na Handeni wamepanda kwa wingi, na kilio chao sasa ni kimoja: korona hazitoshi. Jani lililokwisha kukatwa haliwezi kungoja siku nyingi. Korona kubwa za mashamba zimezeeka na ziko mbali na mkulima wa ekari 10. Zinazohitajika ni ndogo, za kuvutwa na trekta au kufungwa kijijini, na nyingi zinazotajwa ni za kuagizwa China. Kabla agizo jingine halijatoka, Bodi inaweza kununua mbili tatu za aina tofauti, iwape mafundi wa Korogwe pamoja na wahandisi wa TEMDO, wazifungue hadi nati ya mwisho, wachore kila kipande, na michoro hiyo iwe mali ya AMCOS zitakazozitumia.